Marekani Walilipia Asali, Sisi Tunagawa Mizinga

Wasee, katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilijikuta na asali ambayo haikuwa na mpango wa kula. Kwa mavuno ya mwaka mmoja tu ilibaki na zaidi ya pauni milioni 100. Hiyo ni zaidi ya kilo milioni 45. Haikuwa ya msaada, haikuwa imenyang'anywa mtu. Ilikuwa asali ya wafugaji wake yenyewe, imelipiwa na pesa ya ushuru, imekaa tu kwa madramu. Na saa hiyo hiyo Mmarekani wa kawaida alikuwa anapaka mkate asali iliyotoka China na Argentina.

Nimetaka kuandika hii stori tangu nianze kuona zile picha za wakubwa wakikabidhi mizinga kwa vikundi vya vijana na akina mama. Unazijua. Mizinga imepakwa rangi ya njano, kuna hema, kuna fulana, kuna hotuba ndefu. Chini ya kila picha kuna vita vile vile. Mmoja anasema hii ndiyo kazi ya serikali, inua mkulima. Mwingine anasema ruzuku ni njia nyingine ya kula ushuru wetu. Wanatupiana maneno mpaka usiku, na ukisoma yote kutoka juu hadi chini utapata hakuna mtu ametaja nyuki.

Marekani wamebishana hivi kwa zaidi ya miaka 70. Ni vizuri tujue walifika wapi kabla hatujarudia kila kosa.

Inaanzia Vita Vikuu vya Pili. Sukari ilikuwa ya mgao, kwa hivyo asali ikawa mali. Nta nayo ilitakiwa na jeshi, juu ilisaidia kukinga vifaa visiingie maji. Wafugaji wakaambiwa wazidishe, wakazidisha. Kufikia 1947 nchi ilikuwa na makundi ya nyuki karibu milioni 5.9, na hiyo ndiyo hesabu ya juu zaidi Marekani imewahi kuandika. Halafu vita vikaisha, sukari ikarudi dukani, bei ya asali ikaanguka. Mtu ameambiwa na serikali apanue biashara, amepanua, sasa soko limekufa. Kusema ukweli, hapo hata mimi ningeenda kugonga mlango wa Bunge.

Lakini angalia venye walijitetea. Kusema tu "nunueni asali yetu" hakungemfikisha mtu mbali, kwa sababu asali si unga. Watu wanaweza kuishi bila asali. Hoja iliyobeba ilikuwa uchavushaji: nyuki ndio hubeba chavua kutoka ua moja hadi lingine, na bila wao shamba la matufaha halizai vizuri, mbegu za majani ya ng'ombe hazipatikani, na mboga kadhaa zinapotea. Mkimwacha mfugaji wa nyuki aanguke, mkulima wa matunda ataanguka naye. Ilikuwa hoja ya kweli. Bunge likaikubali, na sheria ya kilimo ya 1949 ikaweka asali kwenye orodha ya mazao ambayo lazima serikali iyashikilie bei. Ruzuku ikaanza 1950.

Sasa mshangao uko hapa. Hoja ilikuwa uchavushaji, lakini pesa ikafungwa kwa asali. Hukulipwa juu nyuki wako wamechavusha kitu. Ulilipwa kwa kila pauni ya asali uliyokamua. Nyuki akizunguka kwa mtufaha siku nzima bila kuleta asali ya maana, hapo huna malipo. Akienda kwa uwanda wa maua ya porini ambayo hayamfaidi mkulima yeyote, lakini akarudi na asali nyingi, hongera, serikali iko nawe.

Kwa nini wakafanya hivyo? Juu asali inapimwa. Inaingia kwa dramu, dramu inaenda kwa mizani, karani anaandika. Kazi ya nyuki kwa ua haina mizani. Nataka ushike hii, juu tutarudi nayo nyumbani.

Hata wasomi walijikwaa hapo. Mwaka 1952 mwanauchumi Mwingereza, J. E. Meade, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alichukua mfano wa shamba la matufaha na mfugaji wa nyuki jirani yake. Mmoja anampa mwenzake chakula cha nyuki bure, mwingine anachavusha bure, na hakuna anayelipwa kwa kile anachompa mwenzake. Soko limeshindwa, kwa hivyo serikali iingilie kwa kodi na ruzuku. Mfano mtamu sana. Ulifundishwa vyuoni kwa miaka, na Meade mwenyewe alikuja kupata Nobel mwaka 1977, ingawa ni kwa kazi nyingine.

Shida ni kwamba kwa miaka ishirini karibu kila mtu aliurudia mfano bila kwenda kuuliza wafugaji wenyewe. Mwaka 1973 mwanauchumi mwingine, Steven Cheung, akaenda. Alizunguka jimbo la Washington, ambako matufaha ni mengi ka mahindi ya Kitale, akapata watu wana mikataba zamani sana. Mingine imeandikwa, mingine ni ya mdomo. Msimu wa maua ya matufaha, mwenye shamba alimlipa mfugaji kodi kwa kila mzinga, juu miti hiyo haimpi mfugaji asali ya kutosha. Msimu ukibadilika na mizinga ikihamishwa mahali penye maua yenye asali nyingi, pesa iligeuka njia: sasa mfugaji ndiye alimlipa mwenye shamba, na mara nyingi alilipa kwa asali yenyewe. Soko ambalo vitabu vilisema haliwezi kuwepo lilikuwepo kitambo, na lilikuwa na bei.

Hiyo haimaanishi ruzuku zote ni upuzi, na Cheung anatumiwa vibaya sana na watu wa "serikali itoke kila mahali". Alionyesha kwamba pale Washington watu waliweza kupatana. Hakuthibitisha kwamba kila mahali watapatana. Ukiwa na mashamba makubwa na wafugaji wanaohamisha mizinga kwa malori, kuandikiana mkataba ni rahisi. Ukiwa na majirani 40 wenye robo ekari kila mmoja na mzinga umoja juu ya mgunga, nani atamlipa nani?

Turudi kwa ile ghala. Venye ruzuku ilifanya kazi ni hivi. Mfugaji alipeleka asali kama dhamana, akapewa mkopo kwa bei iliyowekwa na serikali. Bei ya soko ikipanda, anauza, analipa mkopo, anabaki na chenji. Bei ya soko ikiwa chini, anaiachia serikali asali na kubaki na mkopo, na hakuna mtu atakuja kumdai. Fikiria unaacha simu ya elfu 6 kwa shailoki, anakupa elfu 10, halafu anakuambia usiporudi ni sawa tu. Utarudi?

Kwa miaka mingi haikuleta shida, juu bei ya serikali ilikuwa chini ya soko na watu waliuza asali yao kawaida. Kilichoharibu mambo ni fomula. Sheria ilitaka bei iwe kati ya asilimia 60 na 90 ya kiwango kilichopigwa kwa kulinganisha na nguvu ya pesa ya mkulima miaka ya 1910 hadi 1914. Gharama za maisha zilipopaa miaka ya 1970, fomula ikapaa nazo bila kuuliza mtu soko liko wapi. Mwaka 1984 serikali ilikuwa inatoa takriban senti 66 kwa pauni, na asali kutoka nje iliingia kwa bei iliyo chini kabisa ya hapo. Wapakiaji wa asali si wajinga. Walinunua ya nje, iliyo nafuu. Wafugaji nao si wajinga. Waliipelekea serikali yao. Kila mtu alifanya kitu chenye akili, na matokeo yake nchi nzima ikawa inaagiza asali huku ikilundika asali.

Mzigo wenyewe ulitolewa kwa chakula cha shule na kwa familia maskini. Kuna Wamarekani wa umri wa wazazi wetu wanaikumbuka hiyo asali ya serikali pamoja na jibini ya serikali. Angalau kuna watoto waliokula.

Nani alifaidika? Ripoti ya wakaguzi wa Bunge ya 1985 ilipendekeza programu ipunguzwe hadi iishe. Wafugaji wengi wa Marekani walikuwa wa mizinga michache nyuma ya nyumba, watu wa kupenda tu. Wale wa biashara kubwa walikuwa kama asilimia 1, lakini ndio waliotoa zaidi ya nusu ya asali. Na kwa sababu malipo yalifuata pauni, pesa iliwafuata wao. Sitaki kuwafanya wabaya. Hao ndio waliokuwa wanaendesha malori usiku kupeleka nyuki mashambani. Lakini ruzuku iliyouzwa kwa picha ya mkulima mdogo iliishia kwa mkubwa, na hiyo si ajali, ndivyo hesabu ilivyopangwa.

Mwaka huo huo wa 1985 sheria ikabadilishwa: badala ya kuchukua asali, serikali ikamruhusu mfugaji auze kwa soko na alipe mkopo kwa bei ya chini. Ghala likaanza kutoka. Bili haikutoka. Kufikia 1988 programu ilikula karibu dola milioni 100 kwa mwaka. Sheria ya 1990 ikafungia bei kwa senti 53.8. Halafu ikaingia serikali ya Clinton, na ripoti ya Al Gore ya 1993 kuhusu kupunguza matumizi mabaya ikaitaja asali kwa jina, pamoja na sufu na nywele za mbuzi. Ikawa mfano wa kila mchekeshaji na kila mwanasiasa: mnalipa watu wafuge nyuki? Bunge likakata pesa, na sheria ya 1996 ikaiondoa kabisa.

Unadhani iliisha? Mwaka 2001 Marekani iliweka ushuru maalum dhidi ya asali ya bei ya kutupa kutoka China na Argentina, na 2002 mkopo wa asali ukarudi, senti 60 kwa pauni. Miaka sita tu! Ruzuku ni kama mbegu ya magugu, unaing'oa ukifikiri umemaliza, mvua ikinyesha iko pale.

Na nyuki? Kumbuka ruzuku iliombwa ili nyuki wasipungue. Kutoka ile milioni 5.9 ya 1947, kufikia 1990 makundi yalikuwa yamebaki kama milioni 3. Ruzuku ilikuwepo miaka yote hiyo arobaini, na bado karibu nusu ilipotea. Miaka ya 1980 ikaingia utitiri, hasa yule anayeitwa varoa aliyefika Marekani 1987, na huyo hajali bei ya asali ni senti ngapi. Wanauchumi waliorudi kukagua hesabu mwaka 2003 walipata kwamba programu haikuwa imesaidia uchavushaji kwa kiasi cha maana.

Kilichowaweka wafugaji wa biashara mjini ni kingine kabisa: lozi. California inahitaji mizinga zaidi ya milioni 2 kila Februari kwa maua ya lozi, na mwenye shamba hulipa karibu dola 200 kwa mzinga mmoja. Yaani kile kitu ambacho sheria ya 1949 ilidai kukilinda bila kukilipia, kikaja kulipiwa moja kwa moja na anayekitumia. Si paradiso, juu kukusanya nyuki wa nchi nzima mahali pamoja ni kuwagawia magonjwa. Lakini bei imefungwa kwa kazi yenyewe.

Sasa nyumbani.

Kenya hatuna ghala la asali. Hatuna bei ya serikali. Ruzuku yetu ni mzinga, na ina historia ya maana. Mapema miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, ulibuniwa hapa mzinga wenye vijiti juu na pande zilizolala, ule ambao hadi leo nchi nyingi wanauita mzinga wa Kenya. Ni kati ya vitu vichache duniani vyenye jina letu ambavyo si riadha. Ulikuwa rahisi kutengeneza, na ulikaa chini badala ya juu ya mti kama mzinga wa gogo, kwa hivyo akina mama waliokuwa wamefungiwa nje na desturi ya kupanda miti waliweza kukamua. Hiyo ilikuwa ruzuku nzuri. Ilileta ujuzi na ikafungua mlango.

Lakini miaka 50 baadaye bado tunafanya kile kile. Baringo, Kitui, Makueni, Pokot Magharibi, kaunti zote hizo zimegawa mizinga ya kisasa, na ukiongea na watu wa huko utasikia kuhusu mizinga mitupu. Hapa kwetu nyuki hawaji kwa boksi kutoka dukani. Unaweka mzinga, unaupaka nta, unangoja kundi la porini likubali. Nyuki wetu ni wepesi wa kuhama. Hakuna maji, wanaenda. Hakuna maua, wanaenda. Jirani amepuliza dawa mchana, hawaendi popote, wanakufa. Ulaya ilipiga marufuku sumu tatu za jamii ya neonikotinoidi kwa mashamba ya nje mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki, na hapa agroveti ziliendelea kuuza dawa zenye sumu hizo hizo kwa miaka. Kwa hivyo idara moja inagawa nyumba za nyuki, nyingine inaidhinisha kinachowaua.

Unaona tumerudi kwa mizani? Marekani walihesabu pauni kwa sababu pauni zinahesabika. Sisi tunahesabu mizinga kwa sababu mizinga inapigika picha. "Tumegawa mizinga kadhaa" ni sentensi inayoingia kwa ripoti na kwa kampeni. "Maua yalikuwepo hadi Septemba" haina mtu wa kukata utepe. Na mzinga una zabuni, na zabuni ina mtu. Baada ya yale ya mbolea feki 2024, sidhani nahitaji kueleza zaidi.

Mtu ataniambia: sasa unataka mfugaji wa Marigat aachwe hivyo hivyo, ashindane na asali inayovuka kutoka Tanzania na ile iliyochanganywa na sukari? Hapana. Ruzuku naiunga mkono, nakataa tu hii ya mbao. Pale Kasarani kuna icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na watafiti wake wamefanya kazi na wakulima wa parachichi Murang'a kuhusu kuweka mizinga shambani na kupunguza sumu kwa wakati mmoja. Parachichi linauzwa nje kwa dola. Kama kuna mahali pesa ya umma inaweza kumlipa mfugaji kwa kazi ambayo majirani 40 wa robo ekari hawawezi kupatana kuilipa, ni hapo. Lipa kwa mzinga wenye nyuki wakati wa maua. Lipa maabara ya kupima asali feki. Lipa afisa wa ugani mwenye pikipiki na mafuta.

Na kuna watu ambao hawajawahi kuomba mzinga hata mmoja. Waogiek wamefuga nyuki Mau tangu kabla nchi hii iwe na jina. Asali ilikuwa chakula, mahari, na kitu cha kubadilishana na Wamaasai. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafurusha, na Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na wapewe hati ya ardhi yao. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena Sasimwani, Narok, kwa jina la kulinda msitu. Nchi inayotafuta wafugaji wa nyuki kwa tochi, ikiwapata msituni inawatoa kwa moto.

Tangu Juni 2024 wengi wetu tumejifunza kusoma bajeti. Basi tafuta bajeti ya kaunti yenu, sehemu ya kilimo na mifugo, uone mizinga imetengewa ngapi na mafunzo yametengewa ngapi. Halafu ukienda ushago, uliza ile ya mwaka jana iko wapi, uende uangalie. Usisimame mbele ya mlango. Pitia upande, gonga pole pole na kidole, weka sikio, na kama kuna mtu ndani utajua, kwa hivyo vaa viatu vya kukimbia.